Walichoomba Wasikilizaji

Anton Velde hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakimtaja humtaja kwa kusonya, na mimi pia husonya, lakini haki ya mtu ni haki yake. Alikuwa mtu wa kupendeza. Shida ilikuwa hapohapo: alitaka kumpendeza kila aliyeketi mbele yake, na asiyekuwa mbele yake alimsahau kana kwamba hakuzaliwa.

Kwao ni Ubelgiji, mji wa bandari, mtoto wa kinyozi. Piano alifundishwa na mpiga kinanda wa kanisa lao, mzee mkali wa kuchapa vidole kwa rula. Kabla hajaota ndevu vizuri aliajiriwa na jumba la sinema, enzi zile picha hazijapata sauti. Kazi yake ilikuwa kutazama picha gizani na kupiga kinacholingana nayo. Farasi wakikimbia, naye akimbie. Bibi harusi akilia, naye alie. Humo ndimo alimojifunza kupiga kila kitu. Mabaharia Wamarekani walipoleta santuri za jazi bandarini, alizisikiliza juma zima, na Jumamosi akazipiga kama aliyenyonya nazo. Akapiga jazi Brussels, akapiga Paris, akachanganya na tango, nyimbo za kanisa na muziki wa sarakasi. Magazeti ya kwao yaliandika kwamba hakuna muziki unaomshinda.

Kisha vita vikaja, Wajerumani wakauteka mji, na maofisa wao wakawa ndio wanaojaza viti hotelini. Anton akawapigia. Walipotaka nyimbo za kwao, walizipata. Walipotaka jazi kwa siri, maana wakubwa wao waliichukia, waliipata kwa siri. Vita vilipokwisha majirani wakamwuliza alikuwa akiwachezea watu gani miaka yote ile wenzake wakifa njaa. Akajibu kwamba yeye alipiga walichoomba wasikilizaji. Jibu hilo halikumsaidia kitu. Chama cha wanamuziki kikamnyima kibali, mkewe akarudi kwa mama yake, naye akapanda meli kwenda Kongo. Huko aliokota Kiswahili, cha kuchechemea lakini cha kutosha. Akahamia Nairobi, akagombana na mkubwa wa bendi, na mwaka wa 1953 akateremka Voi. Hoteli iliyokuwa karibu na stesheni ikampa chumba, na piano ya kupiga jioni.

Voi ya siku hizo ilikuwa mahali pa kungojea. Abiria wa Taveta na Moshi walishuka hapa kungoja gari lao, vumbi jekundu hadi kwenye meno, na wazungu wa mashamba ya mkonge walikuja kunywa na kungoja mvua. Anton aliwapigia wote. Lakini hakuishia kwao, na ndiyo sababu tulimpenda. Wahindi wenye maduka walipofanya harusi, alikuja na akodioni akawapigia nyimbo za sinema za Bombay, wamama wao wakafuta machozi. Aliitwa harusi ya Waislamu Taveta, akakaa mkekani na watu wa taarabu kama mmoja wao. Krismasi alikwenda kuwapigia watu wa ranchi ya Ndara. Mpishi wa hoteli, Mkamba aitwaye Wambua, alimpeleka siku moja kwenye ngoma ya kwao, na walipokuwa wakirudi akodioni ilishaanza kuongea Kikamba. Wambua alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Ilikuwa pia miaka ya hali ya hatari, serikali ikiwafunga watu makambini. Krismasi nyingine Anton alikwenda kuwapigia maofisa wa kambi moja ya wafungwa, njia ya Nairobi. Aliporudi Wambua hakucheka. Alimwuliza kama hakuona vibaya kupiga muziki pale, watu wakiwa nyuma ya waya.

"Waliniomba," Anton akasema, akaagiza chai.

Sasa nije kwa Mwalimu Reuben. Huyu alikuwa mkuu wa shule ndogo ya misheni, juu kidogo ya Mraru, na tena mzee wa kanisa. Mtu mrefu, tai shingoni hata jua la Februari linapochoma mawe. Mzungu mmoja wa mkonge alipofunga virago kurudi kwao aliiachia shule piano yake. Ikapandishwa kwa lori, nusu ya kijiji wakisukuma, ikawekwa darasani, na hakukuwa na mtu wa kuipiga. Reuben akateremka Voi. Akasimama mlango wa nyuma wa hoteli, maana wa mbele haukuwa wake, akamwomba Anton aje kuikaza nyuzi na kuipiga siku ya kuiombea.

Anton alikubali kabla Reuben hajamaliza kusema. Jumapili hiyo kanisa zima lilijipanga darasani. Akaanza wimbo wa kanisa kwa adabu zote, tukaimba. Kufika ubeti wa tatu, mkono wake wa kushoto ukamponyoka. Sijui ilikuwa furaha au mazoea. Ukaanza kudunda huko chini kwenye sauti nene, ukirukaruka, huku mkono wa kulia ukiendelea kumsifu Mungu. Watoto wakacheka. Na kwenye benchi la mbele mke wa Reuben, Mama Peris, mwenyekiti wa kina mama, akaanza kutetemeka mabega.

Kwa asiye wa kwetu itabidi nieleze. Saka ni kitu kinachowashika wanawake wa Kidawida, yaani sisi Wataita, na huamshwa na jambo la kigeni: mlio wa treni, harufu ya sigara, hata kiberiti kikiwashwa. Mwanamke hutetemeka, hupumua kwa kukoroma, macho wazi lakini haoni. Wazee walijua dawa yake. Apigiwe ngoma, avalishwe kitu cha kiume, acheze mpaka itulie, na apewe kile inachokitaka. Kwa wazee haikuwa aibu, ilikuwa kama homa. Aibu ililetwa na kanisa, lililosema ni mambo ya kipagani. Kwa hiyo mke wa mzee wa kanisa kushikwa na saka katikati ya ibada ilikuwa sawa na mumewe kukutwa kilabuni, tena afadhali kilabuni.

Mama yake mzazi, bibi aitwaye Mbeyu, alimtupia khanga kichwani wakamtoa nje. Reuben akageuka akasema, "Ni malaria." Tukaitikia, "Pole, Mwalimu." Adabu nayo ina kazi yake.

Lakini saka ikishaamka hailali kwa kuambiwa. Ilimrudia Mama Peris jikoni, ikamrudia mtoni. Reuben aliomba, akafunga, akaomba tena. Ngoma hakutaka hata kuisikia ikitajwa. Mwishowe mama mkwe wake akamwambia maneno ambayo mama mkwe hamwambii mtu ila amechoka.

"Baba, ngoma umekataa. Basi mlete huyohuyo aliyeiamsha, aje ailaze."

Ndipo Reuben alipoteremka tena hadi mlango wa nyuma. Hakuingia. Alimwita Anton nje, chini ya ukuta, akaongea huku akitazama viatu vyake.

"Bwana Velde, nitakuambia neno, na ukicheka nitaondoka."

"Sitacheka, Mwalimu."

Akamwambia yote. Kisha akasema, "Nataka uje Jumamosi, shule ikiwa imefungwa. Umpigie. Mama mkwe atakuwa ndani, mimi nitakuwa mlangoni. Lakini lisijulikane. Likijulikana, mimi si mzee wa kanisa tena, hilo nitalivumilia. Yeye ndiye hataweza kusimama tena mbele ya wenzake. Umenielewa? Haya si maneno ya baa."

Anton akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Neno hili nitazikwa nalo," akasema. Na naamini siku hiyo alimaanisha. Reuben alikuwa mbele yake.

Ikawa hivyo. Jumamosi Anton alipanda lori la Taveta, akashuka Mraru, akapanda kwa miguu na kofia yake ya majani. Watu wakiuliza, waliambiwa anakaza nyuzi. Ndani ya darasa Mama Peris alivaa koti kuukuu la mumewe, akashika fimbo, na Anton akaanza na ule mdundo wa kushoto. Hapo ndipo sinema ilipomfaa. Alimfuata yule mama kama alivyozifuata picha zamani: akitetemeka kwa kasi anakwenda naye, akipunguza anapunguza, mpaka akamteremsha polepole kama mtu anayemshusha mtoto kutoka kwenye punda. Mama Peris alilala mkekani. Alipoamka alikuwa mzima, na uzima huo ulidumu majuma.

Sitamnyima Anton lake: alizipenda sana Jumamosi zile. Tangu vita hakuna mtu aliyekuwa na haja naye hasa. Hotelini walikuwa na haja na kelele ya kunywea. Huku kulikuwa na mtu ambaye, Anton asingekuja, angeumia.

Alimsikia bibi Mbeyu akimwita binti yake Mkamburi, basi naye akaanza kumwita hivyo. Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake na mwanamume asiye wa kwao. Ni Mama fulani, hata na wanaomchukia. Mama Peris alishtuka mara ya kwanza, kisha akaliacha lipite, akajiambia mzungu hajui. Anton alisema jina lenyewe lina ngoma ndani yake.

Siku moja, ameshaamka na ameshafunga kitambaa chake vizuri, Mama Peris alimwambia, "Ukipiga, ni kama mtu amenitua mzigo wa kuni. Lakini nikiamka nina haya. Wewe umeniona vile. Bado unaniona mtu?"

"Nakuona mtu."

"Basi nitazame sasa, nimekaa hivi. Unikumbuke hivi."

Anton akamtazama, akaweka mkono kifuani. Alikuwa na machozi. Machozi nayo alikuwa hodari kwayo, na hayakuwa ya uongo.

Baadaye akapita Voi mzungu mmoja wa kituo cha redio cha Nairobi. Gari la moshi lilikuwa limechelewa, akaja hotelini, akakaa karibu na piano. Anton alijua ni nani; wenye hoteli walishamnong'oneza. Akapiga tango, mgeni akatazama saa. Akapiga jazi ya Paris, yule mgeni akapiga miayo bila hata kuufunika mdomo. Anton alikuwa amevuka umri wa miaka hamsini. Aliiona ile miayo, akaona na maisha yake yote ya mbele: chumba kile, vumbi lile, walevi walewale. Mkono wa kushoto ukateremka kwenye sauti nene, ukaanza kudunda.

Mgeni akaweka glasi chini. Akavuta kiti. Ulipokwisha akauliza, "Na hiyo ni nini?"

Angeweza kusema ni ngoma ya watu wa milimani. Ingetosha. Lakini yule bwana alikuwa akitabasamu, ameinama mbele, na Anton tangu utotoni hakuwahi kumnyima mtu aliyeinama mbele. Akamsimulia. Akasimulia koti na fimbo. Mgeni alipocheka, Anton akasimama akaonyesha na mabega. Wambua alikuwa akipita na sahani za supu.

Jikoni Wambua, aliyekisikia kiapo siku ile kupitia dirishani, alimwambia, "Bwana, yule ni mke wa Mwalimu. Uliapa."

"Huyu bwana anaishi Nairobi, Wambua. Nani atamwambia nani?"

Juma lililofuata Anton alikuwa Nairobi, kwa mwaliko wa yule mgeni, na Wambua alikuwa amekwisha kutafuta kazi kwingine.

Shule ya Reuben ilikuwa na redio ya betri, fahari ya Mwalimu Bernard, kijana aliyeisugua kila asubuhi. Habari ilipofika kwamba Bwana Velde atapiga piano redioni Jumapili mchana, Reuben aliitangaza kanisani kwa sauti ya mtu ambaye ndugu yake amepata cheo. "Rafiki wa shule hii," alisema. "Aliyetuombea piano yetu kwa vidole vyake." Akawaalika watu wote waje wasikilize, naye angetafsiri Kiingereza. Walikuja hata wasiojua redio ni nini. Mama Peris alikaa benchi la mbele na gauni la samawati, kitambaa kipya kichwani.

Sauti ya Anton ikatoka kwenye kisanduku, safi kabisa. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Anawasalimu wasikilizaji," Reuben akatafsiri, amesimama kando ya redio, mikono nyuma. "Anasema ameishi Voi. Anasema watu wa vilima vya Taita ni wakarimu."

Makofi.

"Anasema muziki unaofuata aliupata huku kwetu. Anasema kuna mwanamke mmoja..."

Sauti ya Anton ilikuwa changamfu, sauti ya mtu anayetazamwa na watu wanaocheka. Reuben akaendelea kwa sababu mdomo ulikuwa umeshashika mwendo.

"...mwanamke Mkristo, anasema, mke wa mwalimu, ambaye akisikia piano..."

Hapo akanyamaza. Redio haikunyamaza. Ilieleza mabega, ikaeleza kukoroma, ikaeleza koti la mume. Huko Nairobi watu wakacheka, tukawasikia wakicheka. Kisha ikataja jina, na jina halina haja ya kutafsiriwa. Mkamburi. Ikalirudia, kwa kulipenda.

Mzee mmoja wa nyuma, sikio zito, akauliza, "Mwalimu, anasemaje?"

"Redio imeharibika," Reuben akasema.

Bernard, aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko sote, alitazama sakafu. Angeweza kuizima. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono, maana kuizima kungekuwa kukubali. Muziki ukaanza, ule mdundo, na darasa zima likayageuzia macho mabega ya Mama Peris.

Hakutetemeka. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, shingo imesimama, jasho likimtiririka kutoka chini ya kitambaa hadi kwenye kola ya gauni. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, niliona vidole vyake vikiwa vyeupe kwenye ncha. Ulikuwa muziki mrefu. Ulipokwisha akainuka, akawaaga kina mama mmoja mmoja kwa jina, akaenda zake nyumbani. Nilimwonea aibu na nikajionea aibu mwenyewe, kwa sababu na mimi nilikuwa nikitazama mabega.

Kanisa lilimwondoa Reuben kwenye uzee, kwa muda, walisema, na muda huo haukuisha. Mama Peris hakungoja kuondolewa. Alipeleka daftari la kina mama mwenyewe akaliacha mezani. Watoto kisimani walikuwa wakitikisa mabega akipita. Mama zao waliwachapa, lakini baada ya kucheka kwanza. Saka iliporudi alijifungia ndani, akauma khanga mpaka ikapita, na bibi Mbeyu akakaa mlangoni akiimba kwa sauti ili isisikike.

Anton hakujua. Sisemi hakupaswa kujua, nasema hakujua. Nairobi ilimpokea. Muziki ule ukatolewa kwenye santuri, jina lake "Mkamburi", na magazeti yakaandika tena kwamba hakuna muziki unaomshinda. Ilikuwa 1958 alipopita Voi na bendi yake, wakienda kupiga Mombasa, suti nyeupe, nywele nazo nyeupe. Treni ilikuwa na muda wa kusimama. Akaenda kumtafuta Wambua, akamkuta katika mkahawa mmoja karibu na soko, akikaanga mahamri.

"Wambua! Rafiki yangu!"

Wambua aliutazama ule mkono ulionyooshwa. Mikono yake ilikuwa na unga, lakini hiyo haikuwa sababu ya kutoushika.

"Umefika kwa Mwalimu?" akauliza.

"Bado. Wazima?"

Wambua akamwambia, bila kuacha kugeuza mahamri. Akamwambia darasa, tafsiri, kitambaa kipya, kisima. Anton akakaa kwenye benchi.

"Sikujua kama wana redio," akasema.

"Walikusanyika kwa ajili yako, Bwana. Kwa vile walikupenda."

Treni ya Mombasa ilipiga honi, ikaondoka na bendi yake. Anton alikuwa juu ya lori la Taveta, amekaa kwenye magunia ya chumvi. Aibu ilimshika njiani kwelikweli, si ile ya kuinamisha macho ikapita. Ilimchoma masikio. Alikumbuka alivyosimama kando ya piano akatikisa mabega, akaona mabega yake mwenyewe, ya mzee mwenye tumbo, na alitamani kushuka lori likiwa mbioni. Alikuwa amesema atazikwa na lile neno, naye alilitoa kwa mtu aliyepiga miayo.

Aliwakuta nyumbani, asubuhi bado changa, maharagwe yako jikoni. Reuben alimletea kiti. Hakuwa na tai siku hiyo. Anton hakukaa. Alisema alichokuja kusema, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, amesimama uani, kofia mkononi, na hakujitetea, nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake. Alisema, "Nimewatia aibu watu walionipa siri yao. Naona haya kusimama hapa. Naomba mnisamehe."

"Nimekusamehe, Bwana Velde," Reuben akasema upesi. "Mkristo hana hiari." Akampa mkono, na mkono ulikuwa baridi.

Bibi Mbeyu, ameketi kizingitini, akacheka kwa pua.

"Huyo amesamehe kwa amri. Mwenye uchungu bado hajasema kitu. Mkamburi, njoo."

Mama Peris akatoka jikoni, akisugua mikono kwenye khanga. Alikuwa amekonda. Alimsalimia mgeni kama anavyosalimiwa mgeni.

Bibi akamweleza Anton, polepole, ili ashike. Kwetu hasira iliyobaki moyoni ni kitu kibaya, humtafuna mwenye nayo na aliyemkosea, wote wawili. Haiondoki kwa maneno ya adabu. Mwenye nayo huchukua maji kinywani, huyapuliza nje mbele ya mkosaji, huku akisema amani, na hasira hutoka na maji. Huko ndiko kutasa. Lakini kutasa hakuachi kitu nyuma. Akiyapuliza, limekwisha, hata mjukuu hataliuliza. Na hakuna wa kumlazimisha, si mume, si mzazi.

Kanisa lilikataza kutasa pia. Mbeyu alimtazama mkwewe.

"Nimeshatolewa," Reuben akasema. "Watanitoa mara ngapi?"

Bibi akachota maji mtungini kwa kata, akampa binti yake. Anton akainua macho kutoka kwenye kofia yake, akamtazama yule mama aliyemfuata huko kumwomba radhi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesafiri mbali akaona taa ya nyumba. Wote tuliosikia habari hii baadaye kutoka kwa bibi Mbeyu tuliambiwa hivyo: aliomba kwa macho kama mtoto.

Mama Peris alishika kata, hakuipeleka mdomoni.

"Ule muziki," akasema. "Bado unaupiga?"

Angeweza kudanganya. Nampa hilo pia, kwamba hakudanganya.

"Wakiuomba."

"Wanauomba?"

"Kila Jumamosi."

"Wanaombaje?"

"Wanapiga meza. Wanaita jina."

"Jina gani?"

Reuben aligeuka akatazama upande wa barabara.

"Na leo," Mama Peris akasema, "ukishuka hapa, ukafika Mombasa, wakapiga meza?"

Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya jiko. Anton alifungua mdomo. Bibi Mbeyu alisema aliona wazi kwamba anataka kusema hapana, hapana ilikuwa imeshafika kwenye meno, na kwamba yeye bibi aliiombea itoke. Mzee yule akazungusha kofia mkononi, akaizungusha tena.

"Santuri ni ya walioitoa," akasema hatimaye. "Watu wanakuja kwa ajili yake. Mimi... watu wakiomba..."

"Inamisha kichwa, baba," Mbeyu akamwambia, kwa huruma.

Akainamisha, akafumba macho. Mama Peris akainua kata, akajaza maji kinywani, mashavu yakatuna. Akasimama mbele yake hivyo, karibu kabisa, akiziangalia zile nywele nyeupe. Reuben aliacha kutazama barabara. Anton alingoja, mabega yake yakianza kutetemeka, na uani kukawa kimya hata wakasikia jinsi maji yalivyoshuka kooni.

"Nilikuwa na kiu," Mama Peris akasema, akamrudishia mama yake kata.